Sahani Iliyoandikwa MZIMA

Jumatatu, 4 Machi

Niwie radhi, daftari. Miezi mitano sijakufungua. Sababu ninazo, na zote ni za uvivu.

Nilikuwa na ripoti yangu ya mwisho kabla ya kustaafu: jinsi seli za figo zenye ugonjwa wa kurithi zinavyovimba na kuwa vifuko vya maji, zikilinganishwa na seli zisizo na ugonjwa. Hizo zisizo na ugonjwa ni zangu! Mtu aliyekuwa akitupatia seli za kulinganishia alihama mwaka jana, nami nikatoa mkojo wangu, seli za figo zilizomo zikaoteshwa kwenye sahani ya maabara, kifuniko kikaandikwa MZIMA. Wasaidizi huiita sahani hiyo "Mzee". Mzee amelishwa? Mzee amelalaje? Huulizana mbele yangu, bila haya.

Leo fundi wa maabara alinijia kwa adabu iliyozidi kipimo. Akasema Mzee amevimba. Nikamwambia amechanganya vifuniko. Akasema hajachanganya. Nikamwagiza arudie.

Jumatano, 13 Machi

Amerudia. Nami nimerudia mwenyewe, mlango nimeufunga. Vifuko — vya mviringo, safi kabisa. Vingekuwa vya mtu mwingine ningevisifu. Jeni nayo imesomwa: kosa ni lile lile la wagonjwa.

Ukutani ipo kanuni ya kwanza, kwa mwandiko wangu: seli isiitwe nzima kabla ya kupimwa jeni. Mwanafunzi aliyeivunja nilimrudisha kwao wiki nzima. Nimetafuta cheti cha kipimo cha Mzee. Hakipo. Nani angethubutu kunidai?

Fundi aliuliza kama afute neno MZIMA kwenye kifuniko. Nikamwomba kalamu, nikalifuta mwenyewe. Ripoti itaanza upya.

Lakini binti yangu! Uwezekano wa kuurithi ni nusu kwa nusu. Miaka thelathini nimewafundisha wazazi namna ya kuwaambia watoto wao. Leo nimempigia simu, nikamweleza habari za bomba la jikoni linalovuja.

Jumapili, 17 Machi

Nimemwambia. Akacheka, kicheko kifupi.

"Baba, figo za watu wote umezipima, za kwako ukaziamini kwa sura?"

Atanisindikiza hospitali.

Ijumaa, 22 Machi

Ultrasaundi. Daktari wa picha, mwanafunzi wangu wa zamani, alinipaka jeli ya baridi, akahesabu vifuko kama anayeita majina darasani. Ishirini na kimoja. Figo bado zinafanya kazi. Kwa umri wangu, alisema, ni ugonjwa mpole. Aliona fahari kunisahihisha, nikamwacha.

Akamgeukia binti yangu: kitanda ki wazi, naye angependa kupimwa? Nikafungua kinywa kumwambia apande. Binti akaniwahi.

"Si wewe uliyeandika kwamba hakuna anayelazimishwa kujua?"

Ni mimi. Kijitabu chetu cha wagonjwa, ukurasa wa pili, kwa wino mzito.

Alisema atafikiri. Akanibebea mkoba hadi nyumbani, akalitazama lile bomba, akalikaza. Halivuji tena, kwa hiyo hatuna la kuzungumza.

Uamuzi ni wake. Akishaamua, nitauandika hapa siku hiyo hiyo. Mimi simuulizi.

Nimemuuliza mara mbili tu.