Meza Iliyotolewa Nje

Shamba la Oblasser,
Kaltenbrunn, Tirol Mashariki,
Austria.
Jumapili, 21 Desemba 1997

Mpendwa mwanangu Kassian,

Pokea salamu za shangazi yako, na za theluji iliyofika usawa wa dirisha. Hujambo huko Brazili? Mkeo hajambo? Na Ilse, yule kidomodomo wangu ambaye sijawahi kumtia machoni? Mimi mzima, ila goti la kushoto limenisusa tangu Oktoba. Ng'ombe wote kumi na wanne ni wazima pia. Kwa watu ni habari nyingine, nitakueleza.

Kwanza kazi ya shule ya Ilse. Umesema mwalimu anataka majibu ya mtu anayeishi huku, basi mwenyeji ndiye mimi. Aandike hivi: nchi ya baba yake inaitwa Austria, ina watu kama milioni nane, majimbo tisa, na mji mkuu ni Vienna. Fedha yake ni shilingi. Lugha ni Kijerumani, ingawa mtu wa Vienna akitusikia sisi tunavyokisema hushika kichwa. Mlima mrefu kuliko yote ni Grossglockner, mita 3,798, nao uko kwetu, si kwao.

Bahari hatuna. Tumezungukwa na majirani wanane: Ujerumani, Cheki, Slovakia, Hungaria, Slovenia, Italia, Uswisi na kile kijinchi cha Liechtenstein. Karibu wote tumewahi kupigana nao. Liechtenstein sikumbuki, nadhani wamesalimika kwa uchache wao. Mwalimu akiuliza hasara ya kukosa bahari, Ilse amjibu kwamba ukikosana na jirani huna pa kupandia meli. Wewe uliruka kwa ndege ukaenda zako, sisi tuliobaki tunatazamana.

Sasa keti. Mdogo wako Veit amepoteza jicho la kulia. Nimeliandika upesi lisije likanikaba. Sikukupigia simu kwa sababu ungeniuliza ni nani, na mimi sikuwa na ujasiri wa kukujibu.

Tarehe tano Desemba unaijua. Mtakatifu Nikolasi hutangulia, hubariki watoto, hugawa njugu. Nyuma yake huingia mazimwi yetu, vijana wenye ngozi za kondoo, vinyago vya mbao vyenye pembe, na kengele za ng'ombe viunoni, ili waikokote meza nje. Vijana wa nyumba huing'ang'ania. Ikivuka kizingiti, nyumba imeshindwa. Meza yetu haikuwahi kuvuka tangu babu yako aichonge. Mbavu zimevunjika kwa ajili yake, na kesho yake mvunjaji na mvunjwaji hunywa gongo la peasi pamoja, maana la kinyago hufia kinyagoni.

Ila mwaka juzi Hois Egger wa ng'ambo ya mto alimwangukia Rupert wangu kwa goti na kumvunja mtulinga, meza ikiwa imekwisha kuachwa. Huo haukuwa mchezo. Uso hatukuuona, lakini bonde zima linaijua kengele ya Hois, ile yenye ufa, inayolia kama sufuria. Rupert hakulalamika. Aliiweka sauti ile moyoni miaka miwili, na mimi mama yake nikadhani amesahau.

Mwaka huu mazimwi saba yaliingia saa kumi na moja jioni. Vijana wetu sita walikuwa mezani. Veit hakuwapo, alisema ana mafua. Benchi lilivunjika, taa ikaanguka, Florian wa jirani akapigwa teke la tumbo akatapika palepale. Mimi nilikuwa pembeni na mwiko wangu, nafoka na kucheka. Kisha nikasikia sufuria ikilia mlangoni.

Rupert aliiachia meza. Alilikamata zimwi lile kwa pembe zote mbili akalipigiza kichwa ukutani, akalipigiza tena, akalipigiza mpaka kinyago kikapasuka. Lilipoanguka alilikalia kifuani, akaendelea kwa ngumi juu ya mbao zilizovunjika. Kila ngumi ilivizamisha vipande ndani zaidi. Damu ilirukia mkate. Wenzake walipomng'oa, mikono yake mwenyewe ilikuwa imechanika mpaka mifupa inaonekana, na alikuwa anatabasamu, Kassian. Mwanangu wa kumzaa alikuwa anatabasamu.

Florian akakiondoa kinyago. Alikuwa Veit.

Mke wa Hois alishikwa na uchungu wa kuzaa mchana ule. Hois akamwazima Veit ngozi na kengele, na Veit akaona raha kuja kutushtua. Hayo mafua yalikuwa uongo wake wa kitoto. Watu husema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Lile lilitujua sana, sisi ndio tuliolila.

Rupert alimbeba mpaka garini akaendesha kwenye barafu hadi hospitali ya Lienz, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeshika kichwa cha Veit. Polisi alikuja. Alipouliza nani amepiga, vijana wote walitazama dari. Na mimi nilitazama dari.

Kilichonimaliza ni Veit. Ndani ya kinyago hakuona kitu. Nilipokwenda kumtazama alinishika mkono, "Shangazi, bila Rupert ningekufa mle. Hata sijui nimlipe nini binamu yangu."

Nikamjibu, "Kunywa chai yako." Ndilo pekee nililoweza, mimi niliyemlea tangu mama yenu alipofariki. Siku kumi na tano nilimficha. Nikisema, nampoteza mwana. Nikinyamaza, nawala wote wawili kidogo kidogo.

Jana Jumamosi Veit aliruhusiwa kutoka. Nilikuwa jikoni na supu ya madonge ya mkate niliposikia mkwaruzo sebuleni. Rupert alikuwa amejitwika meza mgongoni, peke yake, anapita nayo mlangoni. Aliitua kwenye theluji mbele ya nyumba, akasimama kando yake bila koti. Majirani walitoka kuangalia, na Hois alikuwa kati yao.

Veit akashuka garini, bandeji usoni. Aliitazama meza muda mrefu.

"Nani kaishinda nyumba yetu?"

"Hakuna," Rupert akasema. "Nimeitoa mwenyewe."

Hakuna mtu wa bonde hili ambaye angehitaji kuelezwa zaidi.

"Kumbe ni wewe."

"Ni mimi. Niliisikia kengele, nikajua ni Hois."

"Na angekuwa Hois ndiyo ingekuwa halali?"

Veit akarusha ngumi. Ilipita hewani, maana jicho moja halipimi umbali, nusura aanguke. Watu wote wakatazama chini. Rupert akasogea hatua moja mbele, akaweka mikono nyuma, akangoja. Ya pili ikampata mdomoni, meno mawili yakaenda kwenye theluji.

Kisha Veit akavuta benchi, akaketi. "Shangazi," akaniita, "supu inapoa." Tulikula nje watu watatu, na Rupert alikuwa anameza damu yake pamoja na madonge.

Meza bado iko nje. Veit amesema atairudisha ndani yeye, na Rupert haruhusiwi kuigusa. Lakini ni nzito kwa mtu mmoja. Najua damu yako, mwanangu, na najua unavyojisikia sasa hivi. Zamu ya ngumi imekwisha, mwenye jicho ameitumia. Pasaka njoo na mikono ya kubebea.

Nisalimie mkeo, mbusu Ilse. Veit anakusalimu, barua hii ameisomewa yote. Hois naye anakusalimu, mtoto ni wa kike. Rupert amesema hastahili kutuma salamu, basi nakutumia mimi kwa niaba yake. Mungu awatunze, na theluji isiiozeshe meza kabla hujafika.

Ni mimi shangazi yako nikupendaye, niliyetazama dari,

Notburga Oblasser