Pacha wa Mwamba Wenu

Mpwa wangu mhandisi,

Hatujambo. Mkaza mjomba wako kapaka jiko rangi ya njano, sasa analalamika inamuumiza macho.

Unasema mkuu wako anataka visima vingi, kwa kuwa eneo jingine maarufu lilitoa mafuta tele. Muulize: mwamba wenu unafanana na wa huko kwa lipi?

Jana niliweka picha za mwamba wenu kando ya jiwe langu la zamani, lililochimbwa ng'ambo ya bahari. Mwili ulinisisimka! Mistari ileile ya mchanga, kana kwamba mto mmoja uliyalaza mawe yote mawili, ingawa kati yake kuna bahari nzima. Huyo ndiye pacha wenu, na hakuwa tajiri: maji yaliingia visimani mapema, mafuta yakapungua. Pacha hachaguliwi kwa mali, huchaguliwa kwa sura. Anzeni na visima vichache, mbali na maji yaliyo chini ya mafuta.

Juzi daktari wangu alinisimulia wagonjwa waliopona. Nikamuuliza, "Na wazee wenye moyo mgonjwa kama wangu, je?" Akavua miwani, akakiri kuwa kati yao waliopona ni wachache.

Basi mwambie mkuu wako ukweli, kisha njoo upesi. Jiwe ni lako, nataka nikukabidhi mkononi.

Mjomba Mawe