Ukuta wa Nyuma

Malava, Kabras
14 Januari 1979

Kwa binti yangu Nabwire,

Salamu kutoka nyumbani. Sisi tunapumua vizuri, isipokuwa miguu ya mama yako, ambayo siku hizi inavimba mpaka viatu vinamkataa. Wasiwasi wangu ni ninyi huko Likuyani na baridi yenu. Watoto wa shule wanakusikiliza, au wanakusumbua kama ulivyowasumbua walimu wako?

Naandika kwa furaha. Kiwanda kimelipa miwa, na safari hii sinunui ng'ombe wala redio. Najenga! Nyumba ya matofali, vyumba vinne, mabati juu, sakafu ya simiti. Kila mwenye miwa hapa anajenga, na mimi nimechoka kupita kwa majirani mabati yao yakinimulika machoni. Chumba cha nyuma ni cha mama yako. Nimemwekea dirisha kubwa, awe analala akiona shamba lote mpaka barabarani. Miaka thelathini na miwili amelala katika nyumba ya udongo bila kunung'unika.

Kontrakta nimempata mjini Kakamega. Anakuja na gari, amevaa tai, na ramani ya nyumba ameichora kwenye karatasi ya bluu. Hashiki mwiko hata kidogo. Anaonyesha kwa kidole tu na vibarua wanakimbia. Huyo ndiye mtu wa kazi. Msalimie mume wako, huyo fundi wa matope.

Mimi baba yako,
Osundwa

*

Likuyani
28 Januari 1979

Baba yangu mpendwa,

Barua yako imetukuta wazima, ila mafua yangu ya kila Januari. Pole kwa mama. Akikaa, mwambie aweke miguu juu ya kigoda, asiining'inize.

Nimefurahi sana kusikia habari za nyumba. Huyo wa matope amekusikia na amecheka, lakini mimi sikucheka sana. Baba, Cleophas ana jina huku. Wakulima wa mahindi wakitaka ghala au nyumba, humngoja hata miezi miwili, na mafundi wengine wapo wamekaa bure. Akimaliza ukuta huwa anaurudia kwa timazi, kamba ile yenye uzito chini, na ukipinda hata kidogo anaubomoa kwa hasara yake mwenyewe. Mimi humwambia ana wazimu.

Anauliza kama anaweza kuja kuutazama msingi kabla haujafunikwa. Hataki malipo.

Lakini nisijifanye mwema. Walimu wenzangu wakiniuliza mume wangu hufanya kazi gani, nasema yuko upande wa majengo, kisha nauliza haraka habari za mitihani. Kwa hiyo kukulaumu nashindwa.

Ni mimi mwanao,
Nabwire

*

Malava
11 Februari 1979

Binti yangu,

Hatujambo. Mama yako amejaribu kigoda na anasema umekuwa daktari.

Kuhusu mume wako, hapana. Wewe umezaliwa hapa, si wa kufundishwa haya. Mukhwe haingii chumba cha mama mkwe wake, hapandi juu ya paa lake, hata mkono hampi. Sasa aje kupima ukuta wa mahali mama yako atakapolala? Watu watasema Osundwa amelewa pesa za miwa.

Tena tuambiane ukweli. Hata kama mila hiyo isingekuwepo, nisingemwita. Nilikusomesha mpaka chuo cha walimu. Nilitarajia utaniletea karani au bwana afya, ukaniletea mtu mwenye simiti kwenye kucha. Nimemkubali, ng'ombe wake nimewala, sina ugomvi naye. Lakini nyumba yangu itajengwa na mtu aliyesoma.

Msingi tumeshaufunika. Njooni Pasaka muone.

Baba yako

*

Likuyani
24 Aprili 1979

Baba mpendwa,

Tulifika salama, na kuku wa mama alitushibisha mpaka Jumatano. Natumaini ninyi ni wazima na mvua haijawafungia ndani.

Cleophas ameisifu nyumba, hasa upande wa mbele. Amesema madirisha yamekaa vizuri. Anaomba tu, kama si usumbufu, udongo wa upande wa nyuma upewe muda wa kushikana kidogo kabla hamjahamia, maana mvua za mwaka huu zinaonekana ni nyingi. Ni maoni tu, Baba. Usiyachukue vibaya.

Mwambie mama nampenda, na kitambaa cha mezani nakimalizia.

Mwanao,
Nabwire

*

Malava
8 Mei 1979

Mwanangu Nabwire,

Wazima sote, tena zaidi ya wazima. Tumehamia! Jumamosi mchungaji ameomba katika kila chumba, na watu walikula mpaka wakalegea. Mama yako ameletewa kitanda cha chuma chenye godoro. Amekaa dirishani siku nzima akiwahesabu watu wanaopita barabarani. Alisema, "Mzee, sasa hata nikifa nimelala pazuri." Nikamkemea kwa kutaja kifo siku ya sherehe.

Mwambie fundi wako asante kwa ushauri. Hata mtoto anajua simiti hungoja. Kulikuwa na ufa mwembamba kwenye pembe ya chumba cha mama, ungeweza kupitisha kisu cha mezani, lakini kontrakta aliupiga plasta siku hiyo hiyo na sasa hauonekani kabisa. Ndiyo faida ya mtu aliyesoma, hakuna kelele.

Mvua ni kubwa. Miwa inapenda.

Baba yako mwenye nyumba

*

Malava
1 Julai 1979

Nabwire,

Nakusalimu. Habari za afya sina. Nakula watu wakinikumbusha.

Ni wiki ya tano tangu tumzike mama yako, na kila siku naipitia siku ile upya. Mvua ya mchana. Mimi nimeenda kiwandani kufuata mizani ya miwa. Yeye amejilaza apumzishe miguu, na ukuta wa nyuma ukaangukia ndani. Majirani walimfukua kwa mikono. Kontrakta hajaonekana tangu hapo, ofisi yake mjini ina kufuli. Mimi nalala katika jiko la zamani. Ile nyumba siikaribii.

Lakini naandika kuhusu mume wako. Siku ya mazishi nilimwona akiegemeza nguzo kwenye kuta zilizobaki, amevaa suti yake, waombolezaji wasije wakaumia. Hakuna aliyemwagiza. Alikuwa akigusa tu ukuta kwa kiganja na kujua upi mzima, upi mbovu. Nikaona kwamba huyu mtu anaijua kazi hii kuliko nilivyowahi kumjua mtu. Ndipo nikamuuliza mbele ya watu, "Pasaka uliiona hii?" Akasema, "Niliiona, baba." Nikamuuliza mbona hukusema. Akanyamaza. Nikamuuliza mara tatu, na wewe ulikuwepo. Akanyamaza mara tatu.

Fundi ameona ukuta mbovu juu ya kitanda cha mgonjwa, kisha anatuma salamu kwamba udongo ushikane kidogo! Nilimnyima kazi, naye akaamua kunitazama nikianguka. Hivyo ndivyo nilivyowaambia wazee wa ukoo, na sokoni pia nimesema. Watu wa Likuyani huja soko hili, habari zitafika. Asikanyage kwangu tena.

Baba yako

*

Likuyani
15 Julai 1979

Baba,

Nakusalimu kwa hofu. Natumaini unakula hata bila kukumbushwa. Mimi sili.

Habari zimefika. Kanisa lilikuwa limempa Cleophas kazi ya kujenga nyumba ya mchungaji, na mawe yalikuwa tayari uwanjani kwetu. Juzi mzee wa kanisa alikuja kuyachukua na mkokoteni bila kuaga. Mkulima mwingine amemwambia usoni, "Wewe ni ule fundi mwenye aliua mama mkwe kwa kunyamaza?" Mume wangu anakaa mlangoni akisugua mwiko ambao tayari ni safi. Hajanilaumu kwa neno hata moja. Baba, afadhali angenipiga.

Yeye hakunyamaza. Ni mimi.

Siku ile ya Pasaka alizunguka nyuma kama mtu anayenyoosha miguu, akakanyaga udongo kwa kisigino, kikazama, majani ya miwa yakachomoza. Akaniuliza hapo zamani palikuwa na nini. Nikamwambia ni shimo tulilochimba udongo wa matofali. Rangi ya uso wake ilibadilika. Tulipofika huku alichana karatasi ya mfuko wa simiti, akakuandikia kwa penseli, akanipa niitie ndani ya barua yangu. Ninayo bado. Nainakili kama alivyoiandika.

"Baba mkwe, salamu. Hiyo ukuta ya nyuma imekaa juu ya shimo. Walijaza na majani ya miwa. Hiyo majani inaozanga na mvua, chini inabaki wazi, halafu ukuta inakosa mahali pa kukaa. Mama asilale hiyo chumba hata siku moja. Bomoa hiyo ukuta yote. Mimi nitakuja kuijenga bure. Nitasimama inje tu, ndani asimame fundi mwenzangu Were, mimi siingii kwa mama. Kama hunitaki, ita fundi mwingine, hakuna ubaya. Lakini mama atoke. Mimi mtoto yako, Cleophas."

Niliisoma nikaona aibu. Karatasi ya simiti, penseli, maneno kama ya kibarua. Nikakuona ukiwasomea wageni wako na kuwachekesha. Nikajiambia mimi ni mwalimu, nitayasema kwa ustaarabu. Nikaandika habari za madirisha. Nikaandika kuwa ni maoni tu. Lile la mama kutolala pale nililiacha kabisa, kwa sababu lilisikika kama amri, na fundi hawezi kukuamuru wewe.

Yeye aliamini umeisoma na umeikataa. Mpaka siku ile ya mazishi ulipomuuliza mbona hukusema. Alinitazama, Baba. Uso wangu ukamwambia yote. Na mbele ya ukoo wangu wote akachagua kukaa kimya, aitwe muuaji, nisije nikaitwa mimi.

Ulimsema kwa sauti. Nakuomba uisome barua hii kwa sauti, kwa wazee na sokoni, jina langu usiliruke. Yeye hajui kwamba nimekuandikia.

Mwanao,
Nabwire

*

Malava
2 Septemba 1979

Nabwire,

Salamu. Mimi naishi. Natumaini ninyi pia.

Nimekawia kwa sababu nilikuwa sijui kama nitaweza. Jumapili iliyopita nimeisoma mbele ya wazee, yote, na sehemu ya mume wako nimeisoma mara mbili. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja aliomba kuishika ile barua, akaitazama, na hajui kusoma. Jumatano nimesimama sokoni nikasema tena. Nilisema pia kwamba jina la fundi yule nililichafua mimi kwa mdomo wangu, na kwamba hakuna mtu aliyewahi kuitunza nyumba yangu kama yeye aliyesimama nje yake. Mzee wenu wa kanisa nimemwandikia vilevile.

Nimejiuliza sana. Kama ungeituma ile karatasi, ningeisikiliza? Nadhani ningecheka, kama ulivyosema. Nadhani ningewasomea wageni. Labda mama yako angesikia tukicheka, akahama mwenyewe, maana yeye alikuwa na akili kuliko mimi. Sitajua. Dharau ile uliitoa kwangu, nilikulisha tangu ulipokuwa mdogo, kwa hiyo siwezi kukunyooshea kidole na mkono wangu ukabaki safi. Lakini uliniondolea nafasi ya kukataa mwenyewe, na uliacha mama yako alale pale wewe ukijua. Hilo nalijaribu kulimeza na halishuki.

Nataka kuta zilizobaki zibomolewe kabla ya mvua za vuli, na nijengewe chumba kimoja tu, mahali popote Cleophas atakapoona udongo unafaa. Nimemwandikia barua yake peke yake, iko ndani ya bahasha hii, usiifungue. Nimemwomba msamaha na nimemwomba kazi. Akikubali nitamwandalia mahali pa kulala, na chakula nitampikia mwenyewe.

Mwambie aje. Wewe usije naye kwa sasa.

Baba yako