Shati Jeupe la Mtu wa Boila

Dada yangu mpenzi,

Anayekuandikia barua hii ni mtu ambaye bila ruhusa yake hakuna nguo inayokauka katika mji huu. Usicheke. Shikamoo kwanza, halafu ucheke kama ni lazima. Goti lako linaendeleaje? Yule daktari aliyekukataza ngazi bado anakuvumilia, au naye ameshachoka na ubishi wako? Huku hatujambo. Wifi yako anakusalimu sana. Kifua kinambana asubuhi, lakini ikifika saa nne anagombana na mimi kama kawaida, kwa hiyo tunashukuru.

Sasa tafuta kiti chenye mgongo, ukae. Na kama barua ya binti yako imefika kabla ya hii, nakuomba uilaze chini ya godoro mpaka umalize yangu. Yeye ni muuguzi, amezoea kuandika mambo kwa ufupi, na mambo makubwa hayataki ufupi. Mimi niliishia darasa la sita kwa sababu darasa lilikuwa dogo kwangu. Najua wewe una habari nyingine kuhusu hilo, lakini tuyaache.

Kazi yangu unaijua. Kiwanda cha sabuni kina watu mia mbili na kumi, ila kina moto mmoja tu, na moto huo ni wangu. Nisipochochea boila hakuna mvuke, pasipo mvuke mafuta hayaivi, na mafuta yasipoiva hakuna sabuni, hata meneja mwenyewe atanuka kama sisi. Mwaka wa ishirini na saba huu. Tena ni mimi niliyegundua kwamba ukitupia vipande vya matairi chakavu juu ya kuni, moto unashika upesi mara tatu. Siku ile meneja alinipa mkono mbele ya watu. Moshi wake, sikatai, ni mweusi tii, na badala ya kupanda mbinguni kama moshi wenye adabu, unashuka na kulala juu ya bonde letu.

Ndipo nikabuni kengele. Kabla sijatupia tairi nagonga bomba kwa nyundo mara tatu, ngo, ngo, ngo. Hapo utaona wanawake wa bondeni wanatoka mbio, na wanaume walioolewa vizuri pia, wananyakua nguo kambani na kuziingiza ndani. Moshi ukishapita nagonga mara moja, wanaanika upya. Mtoto wa huku anajua kuhesabu mpaka tatu kabla hajajua kumwita baba yake. Na ndiyo maana nyumba zetu hazina vibanio vya nguo. Kibanio ni cha mtu mwenye nafasi. Sisi tunatupia nguo kambani, tunanyakua, tunakimbia. Kiwanda cha sabuni hicho, dada, na nguo zetu ndizo zinazokiogopa!

Binti yako, kama unavyojua, anakaa kule mlimani, ghorofa ya tatu, na kila Jumamosi napanda kumwangalia kama ulivyoniagiza. Katika barua yako ya mwisho ulinishukuru mpaka nikaona haya. Ukisimama kwenye baraza yake unauona moshi wangu wote, toka unapotoka mpaka unapokwenda kulala. Kwa hiyo watu wa mlimani hawana wimbo mwingine ila huo moshi. Sisi bondeni hatuuoni. Tunauona siku ukikosekana, maana siku hiyo tunaulizana nani kaachishwa kazi.

Tunachokiona sisi ni huo mlima wao. Jioni unawaka wote kama nyumba ya harusi. Kila chumba mashine ya baridi, kila bafu tangi la maji moto, na wakiviwasha vyote pamoja, taa zetu huku zinafifia kama macho ya mgonjwa. Umeme ukikatika wanawasha jenereta. Yuko mstaafu mmoja wa benki tunayemwita Bwana Ngurumo, jenereta yake imetoa bomba nyuma ya nyumba, likatazama huku chini. Nilimwuliza binti yako kama ule nao si moshi. Akajibu kwamba hajawahi kuuona. Atauonaje, na kila mtu kule ameweka bomba lake mgongoni mwa nyumba?

Basi watu wa mlimani wakaandika barua, wakataka moto wangu uzimwe kabisa, kiwanda kifungwe. Mwenyekiti wa mtaa akaitisha mkutano, Jumapili mchana, katika ukumbi wa shule. Na katibu wa kamati ya mlimani unadhani ni nani? Binti yako! Nilipolisikia hilo nilikaa juu ya ndoo ya majivu bila kuangalia kama ni ya moto. Maana wakishinda wao, mimi na miaka yangu hamsini na mitatu nitakwenda kuchochea nini, jiko la wifi yako?

Siku hiyo nilivaa lile shati jeupe ulilonishonea. Niliingia ukumbini nikaona watu wananipisha.

Bwana Ngurumo akaanza. Alisema kiwanda kifungwe, na alilisema kama mtu anayeomba dirisha lifungwe. Mama Pacha, jirani yangu ambaye mumewe anakata sabuni, hakungoja kupewa nafasi. Alimwuliza kama amewahi kusikia mtoto anakohoa kwa njaa, kwa sababu yeye anajua kikohozi cha moshi na cha njaa pia, na angependa achague mwenyewe. Bondeni tukashangilia mpaka vumbi likatoka darini.

Halafu akasimama binti yako. Dada, umezaa! Hakupandisha sauti. Alisema kati ya watoto kumi wanaoletwa zahanati na kifua, wanane wanatoka bondeni. Alisema hao pacha wa Mama Pacha amewashikia yeye mwenyewe kile kifaa cha kupumulia, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu kipo kimoja. Kisha akasema wapo na watu wazima wanaokuja, akanitazama, wala hakumtaja wifi yako. Mama Pacha akainamisha kichwa. Nikaona upande wetu unalegea kama kamba iliyonyeshewa.

Hapo ndipo alipohitajika mwanaume. Nikasimama. Nikawaambia kwamba kutoka mlangoni kwangu mpaka kwenye lile bomba la moshi la kiwanda ni hatua themanini, nami nazihesabu kila siku. Nikawauliza, kama moshi wangu ni mchafu namna hiyo, shati hili lingekuwa na rangi gani leo? Waliangalie! Nikawageukia mbele, nikawapa ubavu, nikawapa mgongo, taratibu, ili hata waliokaa nyuma wasikose.

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Kwenye pindo la nyuma la shati kilikuwa kinaning'inia kibanio cha nguo. Cha mti, rangi ya bluu, kimeandikwa kumi na mbili. Kule mlimani kila nyumba inaandika namba yake kwenye vibanio kwa sababu majirani wanaazimana bila kuambiana. Nilikuwa nimekiacha makusudi, dada, kama mvuvi anavyoacha chambo. Mama Pacha akakibandua, akakiinua juu, akauliza tangu lini bondeni tumekuwa watu wa vibanio. Bwana Ngurumo akavaa miwani, akaisoma ile namba, akatangaza kwamba ni ya nyumba ya muuguzi.

Watu wote wakamgeukia binti yako. Angeweza kunimaliza pale pale. Alisimama, akasema kibanio ni chake, na mimi ni mjomba wake, na kamba yake ni ya mjomba wake pia. Akakaa. Basi.

Nakuambia, afadhali angenitukana. Nikabaki nimesimama peke yangu, shati jeupe kama bendera ya mtu aliyeshindwa. Nikaona wifi yako amekaa mstari wa tatu, ameziba mdomo kwa kitambaa, na sikujua kama anacheka au anakohoa. Ndipo nikasema. Nilisema ni kweli, shati hili linakaukia mlimani. Nilisema mimi ninayewagongea kengele, mimi niliyeleta matairi, nguo yangu siianiki chini ya moshi wangu, na mke wangu namwacha apumue humo humo.

Hakucheka mtu.

Mama Pacha akanigeukia, akauliza, sasa tuchome nini? Hapo nikawa mwalimu. Nikaeleza kwamba kile kinu cha mafuta jirani na kiwanda kinatupa maganda ya karanga marundo kwa marundo, na kwamba kwa maganda na kuni kavu naweza kutoa mvuke ule ule, ila itabidi niwashe saa moja mapema na nitoke jasho la watu wawili. Meneja alikohoa kidogo, akasema hakuna aliyewahi kumweleza jambo hilo. Akakubali tujaribu miezi mitatu bila tairi hata kipande, na kiwanda kisifungwe.

Watu wakainuka kuondoka, Mama Pacha akasema wakae, hajamaliza. Akataka mlimani wazime matangi yao ya maji moto kuanzia saa moja jioni mpaka saa tatu, watoto wa bondeni wasome kwa taa inayoonekana. Tena akataka Bwana Ngurumo aligeuze bomba la jenereta yake litazame dirisha lake mwenyewe. Bwana Ngurumo akasema hilo haliwezekani. Mwenyekiti akamwuliza kwa upole ni kwa nini, ikiwa halitoi moshi. Mzee wa watu akavua miwani, akaifuta, akaifuta tena, akasema jenereta ataiuza.

Leo ni wiki ya tatu na sijagonga mara tatu hata siku moja! Moshi wa maganda ni mwembamba kama wa kikombe cha chai, unapanda wenyewe, unakwenda zake. Juzi nyundo iliniponyoka, ikaanguka ngazini, ngo, ngo, ngo, bondeni kote wakatoka mbio wakanyakua nguo, wakasimama na mizigo mikononi wakiangalia mbingu safi. Walinitukana mpaka jioni. Taa zetu saa mbili usiku zinawaka kama za watu. Na wifi yako, asubuhi nne mfululizo, ameamka hajakohoa. Ya tano alikohoa, lakini nne, dada! Nimezihesabu nikiwa nimelala, macho nimefumba.

Sasa hapa kalamu imekuwa nzito. Kuhusu kile kibanio. Kwa kinyozi nimesimulia mara nne kwamba nilikiacha makusudi, mara ya nne nikachora na ramani ukutani kwa povu la sabuni. Hata wewe nimekuandikia hivyo hapo juu. Si kweli. Sikujua kipo. Nililianua shati kambani kwa haraka, kama tulivyozoea huku, na kibanio kikaja nalo.

Na kuna lingine, ambalo binti yako hatakuandikia kwa sababu ana heshima kuliko mimi. Zile Jumamosi ulizonishukuru, sikuwa nampandia yeye. Nilikuwa naipandia kamba. Jumamosi anakuwa kazini, nami nina ufunguo. Naanika shati, nakunywa chai yake, nakaa barazani mpaka likauke, nafunga mlango, nateremka. Zile habari kwamba amenenepa kidogo, kwamba anakula vizuri, kwamba ana furaha, nilikuwa nazitoa kichwani nikitazama viatu vyake mlangoni. Na yeye alijua. Nimekumbuka sasa kwamba kila Jumamosi ile kamba ilikuwa tupu, na kopo la vibanio limewekwa juu ya kiti, pale ambapo mtu mfupi kama mimi anafikia.

Jumamosi hii nilipanda mikono mitupu, nikamkuta, maana alikuwa amebadilisha zamu. Akauliza shati liko wapi. Nikasema liko bondeni, kambani kwangu. Tukacheka, halafu tukaongea mpaka chai ikapoa. Hajanenepa, dada. Amekonda, anafanya kazi mno, naye amekukumbuka. Habari hii ni ya kweli, nimeiona kwa macho.

Nisalimie shemeji na wote wanaoniulizia, na wasioniuliza wakumbushe. Goti lipake mafuta ya moto na usibishane na daktari. Wifi yako anasema barua imekuwa ndefu kuliko kazi niliyofanya, lakini anasema hivyo huku anacheka, na sijasikia kikohozi.

Mimi ni mdogo wako, mwenye moto,
Mtu wa Boila.

Tena, kabla sijabandika bahasha. Niliporudi kutoka mlimani Jumamosi ile sikulikuta shati kambani. Nguo zetu hazijawahi kukaa nje muda mrefu namna hiyo, na upepo nao una kazi zake. Lilikuwa kwenye rundo la majivu la kiwanda, kifudifudi. Ukipata mtu anayekuja huku, nitumie vibanio kumi na viwili. Usiviandike namba.