Upande wa Ukutani

Masanze, Jumamosi, mwezi wa kumi, 1974

Joto la leo halina adabu. Mawingu yamekaa juu ya milima tangu asubuhi, hayanyeshi wala hayaondoki. Nimerudi safari miguu imevimba, vumbi limeniingia hadi masikioni, na sijapika. Nimekaa kitandani naandika kwa sababu nisipoandika nitalia, na kuta za nyumba hizi za walimu ni nyembamba. Nikilia mimi, majirani wamepata mazungumzo ya wiki nzima.

Nimemkosa Mwantumu.

Mwantumu ni mwanafunzi wangu wa darasa la saba. Mtihani wa kuingia sekondari ni wiki ijayo. Tangu niletwe kufundisha hapa sijawahi kuona msichana wa shule hii akichaguliwa kwenda sekondari, hata mmoja. Huyu angekwenda. Sisemi pengine, wala sisemi Mungu akipenda, ingawa Mungu atanisamehe. Angekwenda.

Karatasi inayowaangusha watoto wetu ni ya Kiingereza. Masomo mengine yote wanayasoma kwa Kiswahili, wanayaelewa, wanabishana nami mpaka nachoka. Kiingereza kinapita mara moja kwa siku, kipindi kimoja, kitabu kimoja kwa watoto sita, kisha kengele inalia na kila mtu anakwenda shambani. Shamba la shule halina utani.

Tangu tulipotoka likizo nimekuwa nikihangaika na neno moja tu linalowatesa kila mwaka: however. Maana yake si shida. Ni hata hivyo, kila mtoto anaijua. Shida ni namna ya kulitumia. Wanalichomeka katikati popote ambapo wangesema lakini, wanazifunga sentensi mbili kwa mkato, basi, wamemaliza. Wengine wanaandika but however, yote mawili kwa pamoja, kana kwamba moja peke yake litashindwa kubeba mzigo. Nikawaambia: sentensi ya kwanza imalizeni. Wekeni nukta. Vuteni pumzi. Halafu However, halafu mkato, halafu mseme lile jambo linalokwenda kinyume na mlilotangulia kusema.

Vitabu hakuna, ubao umetoboka, kwa hiyo nikaligawa darasa pande mbili. Upande wa dirishani wanasema sentensi ya kwanza, wote kwa pamoja: The road is long. Wananyamaza. Hapo ndipo nukta ilipo. Upande wa ukutani wanavuta pumzi mpaka mabega yanapanda, wanajibu: However, we arrive. Njia ni ndefu, hata hivyo tunafika. The hoe is old. However, it digs. Jembe limechakaa, hata hivyo linalima. Mwalimu Mkuu alilalamika kuhusu kelele, kisha nikamkuta amesimama mlangoni anatikisa kichwa kwa kuifuata ile sauti. Nilijifanya sikumwona.

Ukutani walikaa watoto wa ng'ambo ya mto. Hakuna aliyewapanga. Walitembea mwendo mrefu, walikuwa wanafika mwisho, wakiwa kundi moja na miguu imelowa, wakakaa pale palipobaki. Mwantumu ndiye aliyekuwa akiwaongoza. Yeye akivuta pumzi, wote wanavuta.

Siku moja alinyoosha mkono. "Mwalimu, lazima baada ya neno hilo lije jambo zuri?"

Nikamwambia si lazima, linaweza kuja lolote, mradi likatae la kwanza.

"Sasa mbona zetu zote ni nzuri?"

Nikasema ni kwa sababu mtungaji ni mimi, na asiyependa atunge zake. Darasa lilicheka sana. Mimi pia nilicheka.

Wiki iliyopita malori yakafika ng'ambo ya mto.

Watu walikuwa wameambiwa zamani kwamba watahamia kijiji kipya, wakae pamoja, wapate shule na maji na zahanati. Sibishani na hilo. Nimewafundisha watoto kuliimba mbele ya bendera na niliimba nao kwa moyo wote. Ila hakuna aliyejua ni siku gani, na siku yenyewe ilipofika walipakia mikeka, kuku na milango ya nyumba zao, wakapelekwa kule kwenye barabara ya Mikumi. Jioni tuliona malori yakipita. Tulipunga mikono kama wajinga.

Jumatatu niliingia darasani na akili yangu ikiwa kwenye mtihani. Nikasahau. Nasema kweli nilisahau, mkono ulikwenda wenyewe kwa mazoea. Nikawaonyesha upande wa dirishani, wakasema kwa sauti yao yote: The river is deep. Mto una kina.

Kimya.

Wakageuka wenyewe kutazama ukutani, kwenye madawati matupu. Mtoto mmoja wa dirishani alianza kujibu, akaona yuko peke yake, akaacha. Nikawaambia watoe madaftari ya hesabu.

Siku iliyofuata nilikwenda Kilosa kwenye ofisi ya elimu. Bwana niliyemkuta hakuwa mbaya, hata kiti alinipa. Akanieleza kwamba mtoto hufanyia mtihani pale alipoandikishwa, na kule kijiji kipya shule bado ni nguzo zilizochimbiwa. Nikitaka wanafunzi wangu wafanye mtihani, niwalete hapa Masanze kabla ya siku yenyewe na niwe na mahali pa kuwalaza. Basi nikaanza kutafuta. Wawili wana shangazi hapa, wamerudishwa. Wengine wazazi wao wamenitumia salamu kwamba basi, imeshindikana, Mungu ndiye anayepanga. Kwa Mwantumu sikukubali basi. Nina kitanda, nina mkeka wa ziada, alale kwangu mpaka amalize.

Ndiyo safari ya leo. Alfajiri nilipata lori la miti ya kujengea, nikakaa juu ya miti.

Kijiji chenyewe ni mistari. Vigingi vimepigwa chini, kamba zimevutwa, kila familia na kiwanja chake kimenyooka kama daftari la hesabu. Baba yake Mwantumu, Mzee Salumu, nilimkuta akichimba, shimo limemfika kiunoni. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba mwanangu, akaufuta mkono kwenye kaptura kabla ya kunipa.

"Umetufuata mpaka porini, mwalimu?"

Nikamweleza shida yangu yote, na nilikuwa nimejiandaa kubembeleza mpaka jioni. Haikuwa na haja. Alinisikiliza akiegemea jembe, akatazama mbali kidogo, kisha akasema, "Mchukue. Mimi sikusoma. Mchukue, mwalimu."

Nilitaka kumkumbatia. Mwantumu alikuwa nyuma yangu muda wote huo bila mimi kujua. Aligeuka akakimbia, na mimi na baba yake tulipofika kwenye kibanda chao alikuwa ameshafunga kanga moja na sare yake ya shule kwenye kitambaa. Fundo lilikuwa limekazwa sawasawa. Kibanda hakina kuta. Ni paa la nyasi juu ya nguzo, na chini yake mama yake ameketi kwenye mkeka, miguu imenyooshwa, tumbo limeshuka kabisa. Mtu yeyote angeona kwamba siku zake za kujifungua zimetimia.

Nilimwamkia, akaniitikia vizuri. Aliuliza habari za Masanze, za Mwalimu Mkuu, za mahindi yetu. Alimwacha mumewe amalize kumweleza. Halafu akasema, taratibu, bila hasira hata kidogo:

"Baba yao anashinda kwenye shamba la kijiji, asipoitika jina lake ni matatizo. Yule bibi aliyenizalisha hawa wote wamempeleka kijiji kingine. Jirani yangu wa huku simjui hata jina. Sasa mwalimu, uchungu ukinishika mchana nitamtuma nani? Huyu?" Akamgusa kichwani mtoto aliyekuwa amelala pembeni yake, wa miaka minne kama si mitatu.

 Mzee Salumu alianza kukwangua udongo kwenye kucha zake. Nilitafuta neno la kusema, mimi ninayelipwa mshahara kwa kusema, sikulipata. Nilikuwa nimekuja na majibu ya baba mkaidi. Sikuwa na jibu la mama mwenye haki.

Mwantumu akakaa chini na kulifungua lile fundo.

Sasa niandike kile ambacho nimekuwa nikikizungukia tangu nishike kalamu. Pale pale, kabla hajamaliza kulifungua, niliwaza kusema: aende Masanze alale kwa mke wa Mwalimu Mkuu, nibaki mimi. Mimi nikae na mama, nimkimbilie mkunga. Kazi ya kusimamia mtihani angeweza kuifanya mwenzangu wa darasa la sita, ana akili timamu na anapenda kusimamia watu. Neno lilifika mdomoni. Nikakitazama kibanda kisicho na kuta. Nikakumbuka dereva wa lori alivyosema asubuhi kwamba simba wa Mikumi wanasikika mpaka pale, nikawaza kuondoka kituo cha kazi bila ruhusa, nikawaza nani atanielewa.

Nikalimeza lile neno. Nikasema, "Nimeelewa, mama."

Hivyo tu. Nimeelewa. Nimejaribu njia nzima kujiambia kwamba wasingekubali mgeni, kwamba mama angeona haya. Inawezekana. Ila sikuwauliza, kwa hiyo sitajua.

Walinipa uji, nikaunywa, na ulikuwa mtamu, na nikajichukia kwa kuuona mtamu. Mzee Salumu akarudi shimoni. Mwantumu akanisindikiza mpaka barabarani nisubiri lori la kurudi. Alikuwa amevaa kanga ya mama yake, imemzidi urefu, alikuwa akiishika kwa mkono mmoja. Tulizungumza habari za wenzake. Nilimtajia wale wawili waliorudishwa kwa shangazi zao. Akafurahi, na alifurahi kweli, akaniomba nimkumbushe mmoja wao asikimbilie kuandika kabla ya kusoma swali lote. Mimi nilikuwa nasikiliza kama lori linakuja. Nilikuwa naomba lije.

Kisha akauliza, "Mwalimu, Kiingereza kinasahaulika?"

"Hakisahauliki," nikamwambia. "Kikishaingia, kimeingia."

Nilijibu haraka mno. Dada yangu mkubwa alisoma kwa masista mpaka darasa la nane, nami nilijifunza maneno yangu ya kwanza ya Kiingereza nikimsikia yeye akisoma kwa sauti jikoni. Siku hizi mtoto wake akiugua ananiletea chupa ya dawa nimsomee maandishi, na anacheka kidogo anaponipa, kuficha aibu. Wala hajui kilimtoka lini. Mwantumu naye kitamtoka hivyo hivyo, akichota maji, akimbeba huyo mdogo wake atakayezaliwa, akipalilia shamba la kijiji, neno moja leo na jingine kesho. Mwaka ujao miezi kama hii nitakuwa na darasa jingine la saba, na pengine nitakuwa na kitabu.

Mambo hayo sikumwambia. Lori lilikuwa limeshatokea, nikalipungia.

Aliniamini. Nilimwona usoni jinsi alivyotua, kama mtu aliyekuwa na hofu moja tu na sasa imeondolewa. Alipiga goti pale pale kwenye vumbi, lori likingurumia mgongoni kwangu, akaniambia, "Ahsante, mwalimu."