Kichwa cha Ikupa

Dar es Salaam, 4 Machi 1978

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hamjambo, na mvua haijaharibu maharage. Mimi mzima, masomo ya udaktari yanaendelea.

Mama, juzi tumefundishwa jambo nikashindwa kula. Mshipa wa damu kichwani huweza kutuna, kama mpira wa baiskeli pale ulipochakaa. Presha ya damu ikipanda, unapasuka. Daktari akasema udhaifu huo hutembea katika ukoo. Nikamkumbuka baba alivyoshika kichwa shambani kwenye kahawa, akaanguka. Nikamkumbuka shangazi naye, pale jikoni. Hatukurogwa, Mama. Sasa dada Ikupa ananiandikia kwamba kichwa kinamgonga. Nakusihi, mpeleke hospitali apimwe presha. Hawamchomi hata sindano.

Mwanao, Fanueli

Isansa, 29 Machi 1978

Mwanangu Fanueli,

Marahaba. Sisi wazima, namshukuru Mungu. Mwandiko uuvumilie, darasa la watu wazima nimelianza juzi tu.

Barua yako nimeichoma, usikasirike. Wazee wa kijana Sadoki wamemposa dada yako, na mtu wao anazunguka kijijini akiulizia ukoo wetu. Kuna kifafa? Kuna ukoma? Baba yao alikufa na nini? Nimesema malaria. Leo wamwone Ikupa hospitali kwa ajili ya kichwa, posa itabaki? Ngoja aolewe Agosti, tukishavuna kahawa. Kwa sasa nampa aspro.

Mama yako, Marita

Dar es Salaam, 17 Aprili 1978

Mama,

Shikamoo. Salamu ndefu sina. Agosti ni mbali. Mchumba atapatikana mwingine, Ikupa hatapatikana mwingine. Mpeleke, Mama. Nijibu upesi.

Fanueli

Dar es Salaam, 20 Juni 1978

Mama,

Shikamoo. Miezi miwili kimya. Mmekwenda? Hata neno moja linatosha.

Mwanao, Fanueli

Isansa, 5 Julai 1978

Mwanangu,

Ikupa tumemzika Jumamosi. Tulikuwa kisimani, akasema, "Mama, kichwa," akakaa chini. Hakuinuka. Majirani walitaka kukupelekea telegramu, nikawazuia. Nilitaka nikuambie mwenyewe, maana kosa ni langu.

Wazee wa Sadoki walikuja msibani, wakauliza aliugua nini. Malaria ilikuwa mdomoni tayari. Nikashindwa. Nikawaambia mbele ya mchungaji: ni mshipa wa kichwa, ndio uliomuua baba yake na shangazi yake, na mwanangu alinionya nikaichoma barua yake. Wakaondoka kabla ya chakula. Na waende.

Jumatatu nimemshika mkono mdogo wenu Fides, tumepita katikati ya soko mchana kweupe mpaka hospitali. Presha yake iko juu sana. Mganga wa pale hana dawa za presha. Jana nimefika Tunduma, nikavuka mpaka hadi Nakonde, Zambia, nako nimekosa.

Tafuta huko. Ukizipata, zitume kwa treni, nitazifuata stesheni Vwawa kwa miguu yangu. Ukizikosa, usiniandikie.

Mama yako, Marita