Bunduki ya Baba Haitalia

Al Ansab, Bawshar,
Maskati.
9 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Mahfoudha,

Assalaam alaykum. Hujambo huko Unguja? Na goti lako je? Miye nipo, alhamdulillahi, ila kifua kimechoka. Daktari siku hizi anasema nami kwa upole mno, nami nishamfahamu.

Uliomba bunduki ya Baba ilie kwenye arusi ya mjukuu wangu Loay, nawe usikilize kwa simu, kama ilivyolia siku ya arusi yako kule Matrah, kabla mumeo hajakuchukua. Niliiteremsha ukutani. Binti yangu Shaikha akanicheka: "Baba, bakora yenyewe inakushinda." Loay akasema atanishika bega.

Unakumbuka ilikuwa ya jeshi, ikauzwa, kisha ikachongwa upya ipokee risasi za aina nyingine. Miye kazi yangu jeshini ilikuwa kukagua silaha, na vipimo vyangu bado nnavyo. Nikatia kwenye chemba, pale risasi inapolala, kile kipande cha chuma kilicho kirefu kidogo kuliko risasi. Komeo la chemba likikataa kufunga, bunduki ni salama. Lilifunga.

Nnakuungamia, ndugu yangu, kabla sijaondoka: nililifungua nikalirudisha polepole, huku nikiomba likwame. Likafunga tena. Chemba imelegea, ganda la risasi linaweza kupasuka na moto ukarudi usoni. Hata hivyo niliilaza kando ya kitanda changu siku nzima. Nikajiambia, mzee kama miye, uso wangu wa nini tena? Nilitaka usikie, nami nisikie, tuwe tena uani kwa Baba, sote.

Kisha nikakumbuka ni nani atakayenishika bega.

Basi nimeitoa sindano inayopiga risasi. Vijana wataicheza kwenye razha, ngoma yetu ya panga, na kuirusha juu kama ada, lakini haitalia.

Siku ile yako, mlio ulipokwisha, kilifuata kigelegele cha Mama. Sauti ile umeirithi wewe. Ijumaa, siku ya arusi, Shaikha atakupigia simu na kuiweka kwenye spika. Akikwambia bunduki imerushwa, piga kigelegele. Nitakuwa nimekaa karibu na simu. Nataka nikisikie ningali nnasikia.

Nisalimie mwanao Hatem na mkewe Hasina. Mola akupe afya, na atukutanishe pale pasipo na bahari katikati.

Wako, anayekupenda tangu alipokuwa akikubeba mgongoni,
Kaka Saud